Siku Tano Kando ya Mto Nairobi

Siku ya kwanza, Jumatano

Mjomba wangu ametengeneza magari Grogan kwa miaka thelathini na mitano, hatua chache kutoka Mto Nairobi, na alikuwa hajawahi kuona unakotoka. Mimi nimezaliwa Pumwani. Nimeuvuka mto huo nikienda shule na kurudi, pua nimeiziba kwa kola ya shati. Tangu Machi 2025, Rais William Ruto alipozindua mpango wa shilingi bilioni 50 wa kuufufua, tumekuwa tukibishana kila Jumapili juu ya pilau: je, katikati ya jiji patapendeza kweli, au ni yale yale maua ya kupandwa wageni wakikaribia? Jumapili iliyopita mjomba alisukuma sahani. "Mpwa," akasema, "tuufuate kwa miguu. Kesi haiamuliwi na mtu aliyesimama darajani."

Ndiyo maana saa mbili asubuhi tulikuwa Kikuyu, tumeshuka matatu, mjomba kavaa gambuti za gereji zenye mabaka ya oili, tunauliza njia ya Ondiri.

Ondiri ni kinamasi cha aina yake. Matete yameota juu ya maji na mizizi ikasukana hadi ikawa mkeka, na mkeka huo unambeba mtu mzima. Kijana aliyekuwa akikata nyasi za ng'ombe alituonyesha pa kukanyaga. Mjomba aliruka mara moja, kidogo tu, kama mtu anayejaribu godoro dukani, na matete yaliyokuwa hatua tatu mbele yangu yakainama, yakainuka. Hakuruka tena.

Pembeni mashine za kuvuta maji zilikuwa zinanguruma, mipira imelazwa kuelekea mashamba ya mboga. Kinachobaki hutoka upande wa chini, kijito unachoweza kukivuka bila kukunja suruali, na hicho ndicho Mto Nairobi. Mjomba alichota kwa viganja akajipangusa uso. Wamaasai waliyaita maji haya Enkare Nairobi, maji baridi, na reli ilipofika bondeni mwaka 1899 jina likageuka la mji. "Ni baridi kweli," akasema, kwa sauti ya mtu aliyegundua kwamba alichofundishwa darasa la nne hakikuwa uongo.

Tuliufuata hadi jioni, mara kwa njia ya miguu, mara kwa boda boda palipozungushwa ua. Nduma kando, majani ya nepia kando, mbuzi wamefungwa. Kufika upande wa Kawangware maji yalikuwa yameshabadilika rangi, na mjomba hakuwa na hamu tena ya kunawa uso.

Siku ya pili, Alhamisi

Leo tumeingia kwa matajiri. Barabara inaitwa Riverside Drive, yaani Barabara ya Ukingoni, na nyumba zake huuzwa kwa jina hilo. Lakini mto wenyewe hauonekani. Kuna ukuta, juu ya ukuta kuna nyaya za umeme, nyuma ya ukuta kuna maghorofa ambayo roshani zake zinatazama bwawa la kuogelea. Anayeuona mto ni bawabu anayekwenda kujisaidia.

Bawabu mmoja alituruhusu kupita ukingoni baada ya mjomba kumtengenezea kufuli ya pikipiki. Pale chini, kutoka kwenye ukuta wa ghorofa moja ambalo sitalitaja, lilitokeza bomba la kijivu nene kama paja, likitema maji yenye povu jeupe. Harufu ilikuwa ya sabuni ya kufulia na kitu kingine chini ya sabuni.

"Hilo ni la maji ya mvua tu, mzee," akasema bawabu.

Mjomba alitazama juu. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki mbili. "Mvua ya hapa ina Omo," akajibu.

Naliandika hili kwa sababu kila mazungumzo ya mto huu huanza kwa kulaumu mabanda. Kweli, palipo na mabanda hapana bomba la majitaka, na choo kinachoning'inia juu ya mto kila mtu anakiona. Bomba la mwenye ghorofa halionekani, limefichwa na mchongoma. Halafu kuna mabomba makuu yenyewe. Majitaka ya Nairobi hutembea kwa mteremko, kwa hiyo mabomba yalilazwa mabondeni, sambamba na mito. Likiziba au mfuniko ukiibiwa, linafurikia mtoni moja kwa moja. Ukipanda maua juu ya bomba lililopasuka umepata maua mazuri sana, maana yana mbolea. Katika mpango huu mpya, sehemu inayonipa matumaini ndiyo ambayo haina picha nzuri ya kuweka kwenye mabango: mabomba mapya ya majitaka kwenye kingo zote mbili, yakielekea mashariki hadi kwenye mitambo ya kuyasafisha.

Tulipita karibu na Arboretum, iliyoanzishwa 1907 ili kujaribu miti ya kuni kwa ajili ya reli, tukashuka Chiromo, tukafika Museum Hill. Hapo mto unapita chini ya Uhuru Highway na juu yake, kwenye miguu minene ya zege, imekaa Barabara ya Expressway iliyofunguliwa 2022. Wakubwa wetu hupenda kutolea mfano mto wa Cheonggyecheon wa Seoul, na ni mfano mzuri: mwaka 2005 ulifunguliwa tena, karibu kilomita sita, watu wakaanza kushuka kukaa kando yake saa za chakula cha mchana. Kinachosahaulika ni kwamba Wakorea walibomoa barabara ya juu ili wapate mto. Sisi ya kwetu ndiyo kwanza tumeipandisha. Mjomba haoni tatizo, anasema chini yake kuna kivuli.

Saa tisa tukaketi Michuki Park, kati ya Museum Hill na mzunguko wa Globe. Hapa inafaa nikawie kidogo. John Michuki ni yule yule waziri wa matatu, aliyezilazimisha mwaka 2004 kufunga mikanda, kidhibiti mwendo na ule mstari wa njano. Alipopewa wizara ya mazingira mwaka 2008 aliuvamia mto kwa ukali ule ule. Walioegesha, waliosha magari, waliomwaga takataka hapa walifukuzwa, mianzi na miti ikapandwa, na kwa muda watu wa Nairobi walianza kuamini macho yao. Alifariki Februari 2012. Bustani ikapewa jina lake, kisha ikaachwa. Majani yakarudi, gereji zikarudi, waliokosa pa kulala wakarudi, na mtu mwenye akili alizunguka mbali kuliko kukatiza. Mwaka 2020 ikasafishwa upya, njia zikatandikwa mawe, ikafunguliwa.

Kwa hiyo bustani hii imepambwa mara mbili katika muda ambao mjomba amekuwa na wateja wale wale. Leo ni nzuri, sikatai. Kuna kivuli, kuna wanafunzi wa chuo wamelala juu ya mikoba yao, kuna mama anauza njugu. Ila nilipokaa nikatambua kitu: benchi letu limeupa mto mgongo. Linatazama njia. Upepo ulipogeuka tulielewa aliyeliweka alikuwa na hekima.

Siku ya tatu, Ijumaa

Mvua. Baada ya sala ya Ijumaa tulirudi kwa mjomba, Shauri Moyo, tukapiga soga.

Tukazungumzia masika ya Aprili na Mei 2024, mito ya Nairobi ilipopanda usiku na nchi nzima ikazika watu zaidi ya mia mbili. Ndipo serikali ilipoamuru walioko ndani ya mita 30 za mto waondoke, tingatinga zikaingia Mathare na Mukuru, na waliobomolewa wakaahidiwa shilingi 10,000 kila familia. Shangazi, mke wa mjomba, aliyekuwa akichambua mchele bila kuinua uso, aliuliza hiyo ni kodi ya miezi mingapi. Hakuna aliyemjibu.

Jioni nikampigia simu binamu yangu Malindi. Mto wetu huu unaingia Athi, Athi inakuwa Galana, Galana inakuwa Sabaki, na Sabaki inamwaga baharini kaskazini mwa Malindi. Nikamwambia mvua imenyesha huku. "Haya," akasema, "basi tungojeni matope yenu." Wakati wa mvua bahari ya pale hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na wageni hotelini huuliza kuna nini.

Siku ya nne, Jumamosi

Leo ndiyo siku yenyewe.

Tulianzia kwa mjomba kazini. Barabara ni Kirinyaga Road, ila fundi akikwambia Kirinyaga jua ni mgeni. Sisi twasema Grogan, kwa jina la zamani, la yule mlowezi Ewart Grogan aliyejigamba kutembea kutoka Cape hadi Cairo. Utapata kila kitu cha gari, na vingine utakuta ni vya gari lako mwenyewe. Maduka yote yanatazama barabara. Nyuma ya maduka ni gereji, nyuma ya gereji ni mto, na kila kinachomwagika gereji kinafuata mteremko.

Mjomba alinionyesha, bila kuulizwa, mahali alipokuwa akimwaga oili chafu zamani. Ni mfereji mdogo, umechongwa kwenye saruji kwa patasi, umenyooka vizuri. "Nilikuwa kijana," akasema. Sasa oili huwekwa kwenye pipa, kuna wanaokuja kuinunua. Si kwa sababu ya sheria. Ilipata bei.

Mto wenyewe pale chini ulikuwa umebadilika tangu nilipouona mara ya mwisho. Tingatinga zilikuwa zimekata kingo, mkondo umepanuliwa, na mahali pengine vizimba vya waya vilivyojazwa mawe vimepangwa kama ngazi. Vijana wa ClimateWorX, mpango wa serikali wa kuwapa vijana kazi za mazingira, waliovaa fulana za kazi walikuwa wanatoa taka kwa reki na beleshi. Nilisimama na kikundi kimoja robo saa nzima. Reki ikishuka, inapanda na nepi, mfuko wa maziwa, kiatu kimoja, tena nepi. Msichana mmoja alikuwa na utaratibu wake: viatu anavipanga pembeni, huenda mwenzake akapatikana. Alikuwa na vinane, vyote vya mguu wa kushoto, na aliapa kwamba hachagui.

"Kesho kutakuwa hivi tena?" nikamuuliza.

"Kesho ni Sunday. Monday ndiyo kutakuwa hivi tena."

Tukavuka Kariokor. Jina ni Carrier Corps lililoliwa na midomo ya watu, kambi ya wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ndugu yake ni Kariakoo ya Dar es Salaam. Tulikula nyama choma sokoni, tukatazama vyondo ambavyo hatukununua, tukateremka Gikomba.

Kwa asiyeijua, Gikomba ni soko la mitumba ambalo nusu ya Kenya imevaa kutoka kwake, pamoja na samaki, mbao na vyuma. Huungua mara kwa mara, na likiungua linajengwa kabla majivu hayajapoa. Linaishia majini. Sitanii, kuna vibanda ambavyo nguzo za nyuma zimesimama mtoni, na baadhi ya nguzo za mbele zimechorwa alama ya X nyekundu, ya kubomolewa. Wenye vibanda wanajua maana yake ila wameweka bidhaa juu yake. X moja ilikuwa imefunikwa na gauni la harusi.

Hapo mjomba akapata wazo. Tulikuwa tumesoma habari za mita 30. Sheria yenyewe inasema upana wa ukingo wa kuachwa wazi uwe kati ya mita 6 na mita 30 kutegemea mto, lakini tangu mafuriko mtaani imebaki namba moja tu, thelathini. "Thelathini ni ngapi hasa?" akauliza mjomba. Akasimama kwenye ukingo, kisigino kikigusa tope, akaanza kuhesabu hatua ndefu kuingia sokoni. Nikamfuata nyuma.

Moja hadi nne, mchanga na mifupa ya samaki. Ya tano tukaingia kwenye kibanda cha viatu vya watoto, tukaomba njia. Ya tisa, kibanda cha chai, mjomba akawasalimu wanaokunywa bila kupoteza hesabu. Kumi na mbili, fundi cherehani akipunguza kiuno cha suruali, mteja mwenyewe kajifunga shuka akingoja. Kumi na saba tukapinda kidogo kwa sababu ya marobota, mjomba akasema kupinda hakuhesabiwi. Ishirini, mapazia. Ishirini na nne, kijana anapiga pasi ya makaa mashati ya ofisini, moshi wote machoni. Ya thelathini ilimkuta mjomba ameinama, kichwa kimeingia chini ya meza ya mama mmoja muuza sidiria.

"Mzee," akasema yule mama, "unatafuta saizi gani?"

Watu wakacheka mpaka mjomba akacheka. "Napima mto, mama."

"Mto si uko kule?"

"Wanasema unafika hapa."

Mama alitazama meza yake, akatazama upande wa maji ambao kutoka pale hauonekani kabisa kwa wingi wa nguo. Amekaa hapo miaka kumi na tisa. Alituambia bila hasira kwamba mto ukisafishwa yeye atafurahi kuliko mtu yeyote, kwani nzi wa pale wanamjua kwa jina. Anachotaka kujua ni kama akishasafishiwa atakuwepo. Wamesikia kutajengwa masoko mapya na nyumba. Hapo mwanzo walisikia hivyo hivyo baada ya moto.

Nilikuwa nimekuja na jibu langu kutoka nyumbani, la kusoma: jiji haliwezi kuacha watu walale na kufanya biashara pale maji yatakapopita. Bado naamini hivyo. Maji ya 2024 hayakumuuliza mtu kitambulisho. Lakini kule Riverside Drive sikuona X hata moja, na ule ukuta uko karibu na maji kuliko meza ya mama huyu. Tume ya Mito ya Nairobi iliyoundwa mwaka 2022 ikitaka kuaminiwa Gikomba, ningeishauri ianze kuhesabu hatua kutoka juu kuja chini.

Mjomba hakukubaliana nami. Anasema ningali kijana, nadhani kuna mahali duniani wanaanza kwa tajiri.

Mwisho wa siku tulikuwa Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali. Kelele za nyundo juu ya mabati ni kali kiasi kwamba watu huongea kwa vidole. Fundi mmoja alikuwa akitengeneza masanduku ya wanafunzi wa bweni: anapinda bati ukingoni mwa reli ya zamani, anagonga, anageuza, anagonga, kona nne kwa muda usiofika dakika tatu, halafu rangi ya buluu. Kando yake ni uwanja ambao mkutano wa Saba Saba wa 1990, wa kudai vyama vingi, ulipigwa marufuku na watu wakaja hata hivyo. Mto unapita hapo hapo. Sijawahi kuona hata mkutano mmoja wa kuutetea.

Siku ya tano, Jumapili

Asubuhi tulipanda matatu hadi Dandora kuangalia mto unavyotoka mjini. Upande mmoja ni dampo, lililofunguliwa miaka ya 1970 na kutangazwa kujaa mwaka 2001, na ambalo magari bado yanaingia. Korongo wakubwa wa shingo tupu wamesimama juu ya chungu kama wazee wa baraza. Maji chini ni meusi na yanakwenda polepole. Hatukukaa. Cha ajabu ni kwamba jiji hili hili, upande wa Gigiri, ndilo makao makuu ya shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira duniani. Kila mwaka wajumbe hutua, hujadili bahari na barafu za dunia, hupita juu ya mto huu kwa magari ya vioo vyeusi.

Mchana mjomba akasema hataki kumalizia safari kwenye dampo, turudi Michuki Park. Jumapili imejaa: familia za kutoka kanisani, watoto wenye soda, maharusi wawili tofauti, na wapiga picha wenye sampuli za picha zilizobandikwa kifuani. Niliwatazama wanavyofanya kazi. Kila anayetaka picha anasimamishwa kwenye mianzi, au kwenye ua jekundu, au kwenye ngazi. Mto uko mita kumi nyuma ya mpiga picha, katika kila picha.

Mjomba alimwita mmoja. Akavua kofia, akafunga kifungo cha juu cha shati, akaenda akasimama ukingoni kabisa, mgongo kwenye maji.

"Hapo hapana mwangaza mzuri, mzee. Njoo kwenye mianzi."

"Piga na maji."

"Maji hayatatoka poa, mzee."

"Yatoke yalivyo. Nimefanya kazi nayo miaka thelathini na mitano."

Kijana alinitazama mimi kuomba msaada, nikainua mabega. Akapiga. Mjomba alitaka moja tena, akiwa ameketi kwenye jiwe, gambuti zikionekana. Tukangoja mashine ndogo iteme karatasi. Mpiga picha aliishika kwa ncha, akaipuliza, akamwonyesha mjomba kwenye simu jinsi angeweza kuyageuza yale maji yawe ya buluu, kama ya Malindi, bei ni ile ile.

Mjomba alilitazama lile buluu kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akauliza kama anaweza kupata zote mbili.